Jumamosi Ambayo Mama Ana Shughuli

12 Agosti

Kwa mdogo wangu,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Hapa kwangu wote wazima, isipokuwa kidole changu cha shahada, ambacho wiki jana kilipita chini ya sindano ya cherehani kwa sababu nilikuwa namsikiliza mteja badala ya kutazama pazia. Shemeji yako yupo, anakula. Mwanangu Kasuku anakua, na bado anasema kila anachokisikia mbele ya kila asiyepaswa kukisikia. Hali yako, na ya shemeji yangu, na ya mwanao Bosi?

Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki mwisho wa sentensi. Karatasi angalau humwacha mtu amalize.

Jana Kasuku alipokea kadi. Ina maputo na simba aliyevaa kofia. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. "Unaalikwa kusherehekea miaka mitano ya Bosi, Jumamosi 21 Septemba, saa tisa alasiri. Mzazi mmoja kwa kila mtoto. Ndugu wa mwalikwa wasiletwe. Tafadhali thibitisha mapema." Mzazi mmoja! Mimi na baba yake tupige kura? Na huko kuthibitisha, namthibitishia nani, mtu niliyembeba mgongoni?

Hayo nimeyameza. Kilichonikwama kooni ni tarehe. Bosi anatimiza Jumanne, Kasuku anatimiza Alhamisi, kwa hiyo Jumamosi inayofuata ni ya Kasuku kama kawaida yetu, na Bosi ana Jumapili yake. Mimi nimeshaalika darasa zima. Sikutumia simba wala kofia, nimepita mlango kwa mlango, kwa mdomo wangu, na mama zao wote ni wateja wangu. Mtu akiniona narudi kumwambia siku imebadilika, ataniambia na mapazia yake yasubiri.

Tena kuna Mama. Katika ukoo huu hakuna keki iliyowahi kukatwa kabla Mama hajawasha mshumaa kwa mkono wake. Alituwashia sisi, anawawashia wajukuu. Hawezi kuwasha kwangu na kwako saa tisa ile ile, labda umkate katikati, na kati ya mji wako na wangu ni safari ya nusu siku. Naomba uhamishe.

Ni mimi dada yako

*

21 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Bosi ameng'oka jino na anadai alipwe fidia. Pole na kidole.

Barua yako niliisoma hapa mapokezini kwenye kliniki ya meno, mgonjwa aliyevimba shavu akiwa mbele yangu, na nilibaki mdomo wazi mpaka akaniuliza kama na mimi nina miadi.

Dada, Jumapili? Umesahau mwaka jana? Mama alifika kwangu Jumapili akiwa amemalizika. Kwako alikuwa amemwaga juisi, amepanga viti, amewafuta watoto wa watu pua, ameosha vyombo. Kwangu alikaa kwenye kochi na kiberiti mkononi akalala. Alilala, Dada! Bosi akamvuta sketi, akamwita, hakuamka. Mshumaa ukawashwa na baba yake, mtoto akalia mpaka akatapika kwenye zulia. Wewe wakati huo ulikuwa unanitumia picha za keki yako.

Mwaka huu nimewahi. Hapa kliniki anayetangulia kuandikwa ndiye anayeketi kwenye kile kiti, hata anayemfuata awe na shavu kama mpira. Basi na mimi nilitangulia, na zile kadi nilizichapisha mapema kwa makusudi. Nimesema.

Ila sasa nataka unijibu jambo moja. Nilipompigia Mama kumwambia siku, alisema, "Jumamosi hiyo nina shughuli, mwanangu." Nikamuuliza shughuli gani, mgonjwa akaingia, nikakata. Lakini sikuhitaji kuambiwa. Shughuli ni wewe. Umemzunguka, umemfunga mdomo, kisha unaniandikia "naomba uhamishe" kama mtu asiyejua kitu. Nimeshangaa sana.

Mdogo wako

*

29 Agosti

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kidole kimepona, kilichobaki kinauma ni moyo.

Usinifanye mtoto. Mimi nilimtuma shemeji yako kwa Mama na kitambaa cha gauni la sherehe, na Mama akamwambia neno hilo hilo: Jumamosi hiyo ana shughuli, na angetuambia mapema ila "mkeo nikifungua mdomo yeye keshajibu." Mimi! Nikajua hapo kuna mkono wa mtu wa mapokezi, aliyezoea kuwapangia watu siku za kuumia.

Hata Bwana Tabasamu kanikatalia. Mpiga picha aliyepiga kila sherehe ya watoto wetu tangu wana nepi, anayesafiri na Mama kwenye basi moja, kwako na kwangu, kiti kwa kiti! Nimempigia, kanijibu kwa ile sauti yake ya mtu anayesoma tangazo la kifo: "Haiwezekani, siku hiyo nina harusi." Watoto huambiwa na huyo mtu watabasamu wakati mwenyewe hajawahi. Sasa hata huyo umemchukua?

Tena nina wasiwasi na Mama. Mwezi uliopita aliniagiza pazia, akanitajia vipimo. Mdogo wangu, nyumba ya Mama naijua dirisha kwa dirisha, mapazia yote ya mle nimeyashona mimi. Hakuna dirisha la urefu ule. Nikaona macho yanaanza kumsumbua, nikakata kwa vipimo ninavyovijua mimi, nikampelekea. Alisema asante tu. Mama kunikubalia bila ubishi! Nimeanza kuogopa.

Dada yako

*

4 Septemba

Dada,

Shikamoo. Samahani, leo sina salamu ndefu.

Sina Mama Jumamosi hiyo. Nakuapia kwa Bosi. Nilidhani unaye wewe, na wewe unadhani ninaye mimi. Mpiga picha pia kanikatalia, kwa maneno yale yale ya harusi. Nikamuuliza harusi ya nani, simu ikakatika.

Basi Mama anakwenda wapi?

Dada, mimi nafanya kazi mahali watu wanapoficha. Mtu anamwambia mkewe anakwenda sokoni, kumbe anakuja kung'olewa. Nilimuuliza jirani yake Mama kwa mzunguko, akasema Mama amekuwa akitoka sana, amevaa vizuri, hasemi aendako. Amesafishwa meno, na si kwangu! Amepungua. Amegawa vyombo. Mtu anagawa vyombo kwa nini? Sijalala vizuri tangu juzi. Naona madaktari wanapanga kumpasua na hataki tujue. Siku ya sherehe ameichagua ili tuwe tumeshughulika na keki, tusimtafute.

Kesho nampigia tena. Sitakata hata mgonjwa akianguka mbele yangu.

Mdogo wako

*

9 Septemba

Mdogo wangu,

Kama bado hujapokea, kaa chini. Kama umepokea, bila shaka tayari uko chini.

Kadi imefika leo asubuhi. Haina simba. Ni nyeupe, imeandikwa kwa mwandiko wa Mama, ule mwandiko wake wa kuandika majina kwenye masufuria ya bweni alipokuwa mpishi. Nimeisoma nikiwa na pini mdomoni na nusura niimeze.

"Mama yenu anawaarifu kwamba yeye na Bwana Tabasamu wanafunga ndoa Jumamosi 21 Septemba, saa tisa alasiri, ukumbi mdogo wa nyuma ya maktaba. Mwaliko ni wa mtu mmoja. Watoto wasiletwe. Tafadhali thibitisha mapema."

Mtu mmoja, watoto wasiletwe, thibitisha! Amejifunza kwako, neno kwa neno.

Sijui nianzie wapi kushangaa. Mama, mtu wa tahadhari, ambaye akisafiri anafunga kanga zake kwa kamba mbili! Na mtu ambaye tumemlipia nauli sisi wenyewe! Nani alisema, "Bwana Tabasamu, naomba umsindikize Mama, umshikie na mfuko"? Wewe. Nani alisema wakae kiti kimoja ili wasipotezane kituoni? Sawa, hapo ni mimi. Miaka yote hiyo tunawachukua kituoni wawili, tunadhani tunapokea bibi na kamera.

Na marehemu Baba je? Picha ya Baba iko ukutani pale sebuleni, ataigeuza iangalie wapi?

Mimi siendi. Nimeshaalika, keki nimeshaagiza, watoto wa watu wanahesabu siku. Kama yeye ameona ni adabu kuniwekea harusi juu ya sherehe ya mtoto wangu, nami nitaona ni adabu kutofika. Msalimie ukienda, maana najua wewe utakwenda. Wewe hujawahi kuwa na msimamo.

Dada yako

*

13 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, ila sauti yangu imekauka na utaelewa kwa nini.

Kadi yangu ilifika siku moja na yako. Nilicheka pale mapokezini kwa nguvu, kisha nikagundua nalia, daktari akatoka na koleo mkononi kuuliza nani kaumia. Nilikuwa nimeshamzika Mama kichwani mwangu, Dada. Nilikuwa nimeshachagua nguo. Halafu naambiwa anaolewa! Hata sijui mshtuko upi ulianza na upi ulimalizia.

Nikampigia. Nikamuuliza swali letu sote: kwa nini Jumamosi hiyo, kati ya Jumamosi zote? Nakuandikia alivyonijibu, sijaongeza kitu.

Alisema, "Kwa sababu mlikuwa mmeshaomba ruhusa kazini."

Nikamwambia, Mama, tuliomba kwa ajili ya watoto. Akasema, "Najua. Mwezi wa nne niliwaita mje, mkasema mna kazi. Mwezi wa sita nikawaita, dada yako akasema ana madirisha ya hoteli, wewe ukasema daktari amesafiri. Nilitaka kuwaambia uso kwa uso. Nikaona siku pekee ambayo nina uhakika mmejitoa kazini ni siku ya kiberiti. Basi nikaichukua."

Siku ya kiberiti. Ndivyo anavyoiita.

Kwa hiyo nimehamisha sherehe ya Bosi. Nimewapigia wazazi wote mmoja mmoja. Ni kazi yangu, nahamisha watu wenye maumivu kila siku ya kazi, sembuse watoto wa miaka mitano. Mmoja tu ndiye aliyenuna, akasema ameshanunua zawadi. Nikamwambia haiozi. Bosi mwenyewe nilimweleza kwamba Bibi anaolewa, akauliza kama na yeye atapewa mume. Nimemwambia tutaona.

Hamisha, Dada. Watu wako wana midomo lakini wana mama pia, wataelewa. Na kuhusu Baba, nilimuuliza hilo vilevile. Picha anahama nayo. Bwana Tabasamu ndiye aliyeiwekea fremu mpya.

Nakusubiri kituoni mjini kwa Mama Jumamosi asubuhi. Nitavaa la bluu.

Mdogo wako

*

24 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Nilikusubiri kituoni. Mabasi ya kwenu yalishusha watu wote, hata kuku, wewe sikukuona. Nikajua.

Nakusimulia, kisha utafanya utakalo. Ukumbi ulikuwa mdogo kweli, watu tulijuana wote. Mama alivaa gauni la kile kitambaa ulichomtumia kwa shemeji. Ulikuwa hujui kama unamshonesha gauni la harusi. Lilimkaa, Dada, nilishtuka nilipomwona. Nimezoea kumwona kwa nyuma, ameinama kwenye sinki la mtu. Sikujua Mama ana shingo ndefu.

Kulikuwa na viti viwili mbele vyenye vikaratasi. Kimoja "Mdogo," kingine "Mkubwa." Shangazi alitaka kukalia cha kwako kwa sababu ya miguu yake, Mama akamwambia hicho kina mwenyewe. Wakati wa kuanza ulipita. Msajili akatazama saa. Bwana harusi akasema kwa ile sauti yake, "Tumngoje kidogo, basi huchelewa." Tukangoja. Msajili akakohoa. Tukangoja tena. Mwishowe Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Haya, tuendelee," na alisema akitazama mlango.

Kuhusu picha: bwana harusi alitega kamera kwenye miguu yake mitatu, akabonyeza, akakimbia kuja kusimama. Mzee mzima anakimbia! Kila mara anachelewa, kamera inalia yuko nusu njia, Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Katika picha zote Mama anacheka na yeye ni mgongo tu.

Baadaye tulikwenda kwa bwana harusi, nyuma ya studio yake ya picha, ndiko watakakokaa. Chumba cha mbele kina dirisha refu, karibu lifike sakafuni. Pale ndipo palipoagiziwa lile pazia. Limeishia kiunoni. Niliona shangazi analitazama, akafungua mdomo. Mama akamwahi: "Ameshona mwanangu mkubwa." Basi. Hakueleza.

Mdogo wako

*

6 Oktoba

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Tuko wazima. Barua yako nimekaa nayo kwa muda, usidhani imepotea.

Utataka kujua sherehe ilikuwaje. Saa tisa nyumba ilijaa. Mama zao wameketi wanakagua mishono ya mapazia yangu kwa jicho la pembeni, watoto wanapasua maputo. Mmoja akauliza, "Mwaka huu Bibi yuko wapi?" Nikavuta pumzi niseme amepatwa na dharura. Kasuku akaniwahi: "Bibi anaolewa leo. Mama hakwenda kwa sababu ninyi mmealikwa."

Mteja wangu mmoja wa mapazia ya kijani aliacha kutafuna. Kisha akaweka bilauri chini taratibu. "Leo? Saa hizi? Na sisi tumekaa hapa tunakula?" Akamshika mwanawe mkono. Wakafuata wengine. Wote wana adabu, hakuna aliyenisema. Walipita mlangoni mmoja mmoja wakinipa mkono na kuniambia, "Hongera kwa Mama," kwa nyuso za watu wanaotoka msibani. Watu niliokataa kuwahamishia siku! Wao ndio walionikimbia.

Shemeji yako akawasha mshumaa ili aokoe kilichobaki. Kasuku akauzima kabla wimbo haujaanza, akamwambia, "Huu si wa kwako kuwasha, Baba."

Sasa nikuambie ambalo hulijui. Jumamosi iliyopita nilifunga karakana nikapanda basi bila kumwambia mtu. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya studio. Nikabisha. Nikabisha tena, nikaita hodi mpaka jirani akatoka na mswaki mdomoni. "Jumamosi hawakai," akasema. "Hutoka wawili na kamera. Ulimwarifu?"

Mdogo wangu, nimeulizwa kama nimemwarifu mama yangu mzazi. Haikunijia kichwani kwamba naweza kufika nisimkute. Maisha yangu yote Mama ni mtu anayekuwepo.

Nikainama pale dirishani. Pazia langu linaacha nafasi ya kutosha mtu mzima kuchungulia, ushahidi ninao. Niliona meza ndogo, vikombe viwili, kimoja kimefunikwa kisahani ili chai isipoe, mtu aliyefunika akasahau wakatoka. Niliona ndala za Mama pembeni ya viatu vya mwanamume, vimepangwa. Picha ya Baba iko ukutani, imepewa ukuta mzuri. Nikajikuta nimesimama pale kama mwizi, nikapima dirisha kwa kiganja changu kutoka nje, juu mpaka chini. Vipimo alivyonitajia Mama vilikuwa sawasawa. Nikarudi kituoni.

Kitambaa nimeshakata. Safari hii nimekata kama alivyosema.

Wewe na Mama mnazungumza. Hebu muulize kwa ajili yangu, kwa lugha yenu ya mapokezi: Jumamosi gani ana nafasi? Au siku yoyote. Nitafunga karakana.

Dada yako

*

12 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilimuuliza. Akasema, "Mwambie anipigie mwenyewe."

Namba yake ni ile ile. Ila nakutahadharisha, usije ukashtuka ukakata: siku hizi simu ya Mama anapokea mumewe kwanza, halafu ndipo anampa.

Msalimie.

Mdogo wako